Kitabu Kitoke, Kitabu Kirudi

Barabara ya Taifa nambari 5 ya Kongo, inayoshuka kutoka Bukavu na kufuata uwanda wa Ruzizi hata kufika Uvira, kisha ikaendelea kusini kandokando ya Ziwa Tanganyika, hupita kijiji cha Bwegera baada ya Luvungi na kabla ya Luberizi. Na juu ya barabara hiyo, masika na kiangazi, hupita magunia ya mpunga, matenga ya nyanya, mihogo, mbuzi, na watu wa lugha tatu nne waliobanana katika gari moja. Katika shehena hizo zote kitu kimoja ni adimu kukiona, nacho ni kitabu. Daftari za wanafunzi hupita, na Biblia, na misahafu, na vitabu vya nyimbo za ibada. Lakini kitabu cha kusomwa na mtu aliyekwisha kutoka shuleni, kiwe cha ukulima, au cha tarehe ya nchi, au hadithi ya kumfanya mtu acheke peke yake usiku, hicho aghalabu hufuatwa Uvira au Bukavu, na bei yake ni ya namna ambayo mkulima wa uwandani, akikumbuka karo ya watoto waliofika sekondari, hukirudisha juu ya meza ya muuzaji na kushika njia.

Tangu Septemba 2019, serikali ilipotangaza elimu ya bure katika shule za msingi za umma, watoto wengi waliokuwa wakichunga mifugo au kuchota maji wameingia darasani, na madarasa yamefurika. Jambo hilo ni la heri. Walakini mtoto akifundishwa kusoma, kisha asipate cha kusoma, maarifa yale humtoka kidogo kidogo, na baada ya miaka michache husoma kwa taabu hata barua aliyoandikiwa na nduguye. Sikukusudia hapa kuhubiri faida za kusoma, kwa kuwa mahubiri hayo tumeyasikia ya kutosha. Nakusudia kueleza jambo dogo na kavu zaidi, yaani kanuni za kuazimisha vitabu katika maktaba ndogo ya umma. Maktaba, au bibliyoteki kama wanavyoiita vijana wetu waliosoma Kifaransa, ni nadra kufa kwa uchache wa vitabu. Hufa kwa ubaya wa kanuni, ama kwa kuwa hazipo kabisa, ama kwa kuwa zimekazwa hata watu wakaogopa mlango.

Kanuni mbaya kupita zote ni ile inayochagua nani aingie. Nairobi, katika Kenya, ilipata maktaba ya McMillan mwaka 1931, jumba la fahari lenye nguzo na simba wa mawe mlangoni, ambamo kwa miaka mingi hakuruhusiwa kusoma ila Mzungu, hata uhuru ulipokaribia ndipo milango ikafunguliwa kwa raia wote. Vitabu vilikuwamo, wakutubi walikuwamo, fedha zilikuwamo. Kilichokosekana ni sharti moja tu, kwamba kila mtu na aingie. Shirika la Umoja wa Mataifa la elimu na utamaduni, UNESCO, lilitoa tangazo lake la kwanza juu ya maktaba za umma mwaka 1949, likalipitia upya 1972, na 1994, na tena 2022, na katika yote hayo msingi haukubadilika: maktaba ya umma ni ya wote, bila ya kutazama umri, rangi, jinsia, dini, taifa wala lugha, na huduma zake za asili hazilipiwi.

Wenzetu wa mashariki walianza mapema kufikiri namna ya kukifikisha kitabu kwa mtu asiyeweza kukifuata. Idara ya Vitabu ya Afrika Mashariki, iliyoundwa 1948, ilikuwa ikipeleka vitabu katika masanduku mpaka mashuleni na katika kumbi za jamii za vijijini, na wengine ikiwapelekea kwa posta. Tanganyika ikatunga sheria ya maktaba mwaka 1963, na tarehe 9 Desemba 1967 Mwalimu Nyerere akafungua Maktaba Kuu ya Taifa katika Dar es Salaam. Kenya nayo ikatunga yake 1965. Na kuanzia 1996, huko Garissa, ambako mchanga humeza magurudumu ya gari, vitabu vikapandishwa juu ya ngamia na kuletwa kwa watoto wa wafugaji. Kwetu Kivu, jina la maktaba limeshikamana zaidi na misioni, na vyuo, na wanazuoni. Pale Lwiro, kaskazini ya Bukavu, taasisi ya utafiti iliyoundwa na Wabelgiji mwaka 1947 iliacha hazina ya vitabu vya sayansi ambayo wageni huisifu hata leo. Lakini maktaba ya mtaalamu wa volkano na samaki haimfai sana muuza nyanya wa Bwegera, wala haikutengenezwa kwa ajili yake.

Basi tuseme kwamba Bwegera, au Sange, au Kiliba, imepata chumba kimoja chenye mlango wa kufungika, rafu nne za mbao, na vitabu mia tatu. Kazi yaanzia wapi?

Yaanzia kwenye daftari. Kila kitabu kikiingia hupewa nambari yake, kuanzia 1, huandikwa tarehe kilipofika, jina la mtunzi, jina la kitabu, na kilikotoka, kiwe kimenunuliwa au kimetolewa. Kisha hupigwa muhuri wa maktaba katika ukurasa wa jina na katika ukurasa mmoja wa ndani ambao mwizi hataukumbuka kuuchana. Nambari ile haipewi kitabu kingine kamwe, hata kile cha kwanza kikipotea au kikiliwa na mchwa. Baadaye kitabu hupangiwa mahali pake rafuni. Ziko maktaba zinazofuata mpango wa Melvil Dewey, Mmarekani aliyegawa elimu yote katika mafungu kumi mwaka 1876, na ambaye katika mpango wake kila jambo lina tarakimu zake, hata mpunga, ulio 633.18, lakini kwa vitabu mia tatu yatosha kubandika mgongoni karatasi ya rangi, kijani kwa ukulima na mifugo, nyeupe kwa afya, samawati kwa dini, manjano kwa hadithi, nyekundu kwa vile visivyotoka nje. Mtoto wa darasa la pili ataielewa rangi siku ya kwanza, ilhali tarakimu zitamtisha mpaka baba yake.

Ama kuazimisha kwenyewe, iko njia ya kale iitwayo kwa jina la Nina Browne, mkutubi wa Marekani aliyeieneza karne ya 19 ilipokuwa ikielekea ukingoni, nayo ilitumika kote katika maktaba za Uingereza na makoloni yake kabla ya kompyuta. Haitaki umeme, wala mtandao, wala fundi wa kutoka mjini. Ndani ya jalada la nyuma la kila kitabu hubandikwa kifuko cha karatasi, na ndani ya kifuko hukaa kadi ndogo iliyoandikwa nambari na jina la kitabu; na juu ya ukurasa unaoelekeana nacho hubandikwa karatasi ya tarehe. Msomaji naye hupewa tikiti ya karatasi ngumu iliyokunjwa mfano wa bahasha, yenye jina lake na mahali anapokaa. Akiruhusiwa vitabu viwili ana tikiti mbili, akiruhusiwa kimoja anayo moja. Siku anapoazima, mkutubi hutoa kadi ndani ya kitabu, huitia katika tikiti ya msomaji, na vyote viwili huvisimamisha katika sanduku jembamba nyuma ya tarehe ya kurudisha. Hugonga tarehe hiyohiyo katika karatasi ya kitabu, na mtu huenda zake. Akirudi, mkutubi hutazama tarehe na nambari, huikuta tikiti mara moja, huirudisha kadi kitabuni na tikiti kwa mwenyewe. Basi kila asubuhi, kwa kutupa jicho sandukuni, mkutubi ajua vitabu gani vilitakiwa jana na havikuja, na viko kwa nani.

Njia hii ina faida nyingine isiyotajwa sana, nami naiona kubwa kuliko zote. Kadi ikirudi kitabuni na tikiti ikirudi mkononi mwa msomaji, hakuna alama yoyote inayobaki ya kwamba fulani alisoma kitabu fulani. Daftari la kuandikia majina halina stara hiyo. Humo ukurasa hukaa wazi, na kila anayekuja kuandikisha jina lake husoma kwanza ya waliomtangulia. Mahali ambapo kila mtu amjua mwenziwe, mama aliyeazima kitabu cha ukimwi, au kijana aliyeazima kitabu cha siasa, au mjane aliyetaka kujua sheria ya mirathi, ana haki ya kusoma bila jirani kujua. Ikiwa maktaba ni ndogo mno hata yataka daftari tu, basi jina lifutwe kwa wino mzito kitabu kinaporudi, na mkutubi asimhadithie mtu yeyote, awe shefu wa kijiji, awe askari, awe mume wa msomaji, ni nani anayesoma nini.

Sasa tuje kwenye kuandikishwa. Maktaba za miji hudai kitambulisho na barua ya mwajiri. Kwetu kitambulisho kilicho mikononi mwa wengi ni kadi ya mpiga kura, ambayo kijana hana, na ambayo mtu aliyekimbia vita usiku huenda aliiacha juu ya kitanda. Wako wakutubi wanaodai amana ya fedha, irudishwe mtu akijitoa. Mimi siikubali amana ya fedha. Mwenye franka elfu kumi za kuweka dhamana si yeye mwenye haja kubwa ya kuazima; na fedha ikikaa sandukuni, iko siku itakopwa na mlinzi wake. Mdhamini ni bora: mwalimu, au pasta, au imamu, au mkubwa wa nyumba kumi, atie sahihi kwamba amjua mtu huyu na nyumba yake. Mfanyabiashara anayetoa mali kauli sokoni hatazami karatasi, hutazama uso na ukoo, na mali yake aghalabu hurudi. Mkutubi naye na afuate mfano huo. Mwanamke ajiandikishe kwa jina lake mwenyewe, bila ya kutakiwa ruhusa ya mume. Mtoto aandikishwe na mzazi, au na mwalimu ikiwa mzazi hajui kusoma, na kutojua huko kusiwe sababu ya kumkatalia.

Msomaji mpya aanze na kitabu kimoja, na akikirejesha vema mara mbili tatu apewe tikiti ya pili. Muda uliozoeleka katika maktaba nyingi ni siku 14, na anayetaka kuongeza huongezewa ikiwa hakuna mwenziwe anayekingoja kitabu kilekile. Kwa Bwegera ningeongeza sharti la majira: wakati wa kupanda na wa kuvuna mpunga, muda uwe mwezi mmoja, kwa sababu mkulima anayelala huku matope hayajakauka miguuni hasomi kurasa mbili kabla ya usingizi kumchukua. Na saa za kufungua zifuate saa za watu. Maktaba inayofunguliwa saa mbili asubuhi na kufungwa saa tisa ni maktaba ya mkutubi. Wanafunzi wako darasani, wakulima wako shambani, akina mama wako sokoni. Ifunguliwe alasiri mpaka magharibi, na siku ya soko mchana kutwa.

Viko vitabu visivyotoka nje kabisa: kamusi, ramani, na vitabu vya sheria. Katika uwanda wetu, ambako magomvi ya mashamba ni mengi kuliko mashamba yenyewe, nakala moja ya sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973, na moja ya sheria ya familia ya 1987 pamoja na marekebisho yake ya 2016, zingetafutwa na watu kila siku. Zote zimeandikwa kwa Kifaransa. Kwa hiyo kanuni na iseme wazi kwamba asiyejua Kifaransa ana haki ya kusomewa na kufasiriwa pale mezani, na kwamba kumsomea mtu ni sehemu ya kazi ya mkutubi, haiombwi kama fadhila.

Jambo linalozua ubishi siku zote ni kuchelewa. Kwa karne nzima na zaidi maktaba za ulimwengu zilitoza faini, senti kadhaa kwa kila siku, kwa dhana kwamba pasipo adhabu hakuna kitabu kitakachorudi. Dhana hiyo imepingwa na mambo yaliyotokea. Mnamo Oktoba 2019, mji wa Chicago uliondoa faini za kuchelewa katika maktaba zake zote na kufuta madeni ya zamani, na badala ya vitabu kupotea, vilianza kurudi vile ambavyo vilikuwa vimefichwa majumbani miaka na miaka, pamoja na wasomaji wenyewe ambao walikuwa wameona haya kupita mlangoni. New York ikafuata mwaka 2021. Sababu yake si ya ajabu: mtu maskini akichelewa, kila siku inayopita deni humwongezeka na haya humwongezeka pia, mpaka mwisho huona ni afadhali akose maktaba kuliko kukabiliana na mkutubi. Faini humlinda mwenye fedha peke yake, kwa kuwa yeye hulipa na kuchelewa tena kesho.

Basi adhabu ya kutosha ni hii, kwamba anayeshikilia kitabu hapati kingine mpaka akirejeshe. Ikipita wiki moja, mkutubi ampelekee salamu kwa mtoto anayepita njia ile; zikipita tatu, aende mwenyewe nyumbani, amkute mwenyeji, akae, azungumze, na kitabu akitaje mwisho. Aliyekipoteza kitabu alete kingine cha kadiri ileile, au akifidie kwa kazi: kushona vilivyochanika, kuvalisha majalada ya nailoni, kupaka mafuta machakavu ya gari kwenye miguu ya rafu ili mchwa wasipande. Mtoto asichapwe kwa sababu ya kitabu. Na uwepo msamaha kamili, ulioandikwa na usioombwa, kwa aliyepatwa na maafa. Mwezi wa Aprili 2020 mto Mulongwe ulifurika katika Uvira, ukachukua nyumba na watu kadha wa kadha. Na katika uwanda wa Ruzizi familia zimekimbia mara nyingi kwa sababu ya bunduki. Mama aliyetoka nyumbani usiku na mtoto mgongoni haulizwi kitabu kiko wapi. Nambari ya kitabu hupigwa mstari, na pembeni huandikwa sababu.

Wengine watasema kwamba haya ni maneno matamu, na mshahara wa mkutubi utatoka wapi? Uko mfano karibu nasi. Kijijini Kitengesa, karibu na Masaka katika Uganda, mwaka 1999 lilianza sanduku la vitabu katika shule moja ya sekondari, kwa juhudi za mkuu wa shule hiyo na za Kate Parry, mwalimu wa chuo kikuu kimoja cha jiji la New York. Mwaka 2002 likapata jengo lake, na baadaye umeme wa jua. Pale wanafunzi wa sekondari huajiriwa kufanya kazi maktabani, kuazimisha, kupanga, kusomea wazee na watoto, na ujira wao huwa ndiyo karo yao. Hesabu hiyo yaweza kufanyika Bwegera, ambako karo ya sekondari ndiyo inayowatoa vijana shuleni kila muhula. Sifa yake ya pili ni kwamba mwanafunzi aliyelipiwa karo na maktaba huilinda kuliko mlinzi mwenye rungu.

Neno langu kwa wenye nia, wawe walimu, wazee wa kanisa au wa msikiti, au vijana wa chama, ni kwamba wasianze kwa kuandika barua Ulaya kuomba vitabu. Makontena ya hisani huja na vitabu vya kemia vya miaka 40 iliyopita na hadithi za watoto wanaoteleza juu ya theluji, nazo hujaza rafu na kumfukuza msomaji. Waanze kwa kununua daftari moja kubwa, muhuri na kidau cha wino. Waandike kanuni kwa Kiswahili katika karatasi moja, isizidi, waibandike mlangoni. Kisha wakusanye vitabu 50 ambavyo watu wa hapa wametaja kwa vinywa vyao kwamba wanavitaka, na waanze kuazimisha siku hiyohiyo. Na wewe msomaji, ikiwa iko rafuni kwako, au chini ya godoro, nakala ya mtu au ya shule uliyoiazima mwaka juzi, irejeshe wiki hii.